Mstari Nilioufunika kwa Kidole

Faida mwanangu,

Sikuulizi habari, maana habari zako ninazo hapa hapa. Umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, begi lako umelifunga na kuliacha mlangoni, na sasa hivi nimekuona ukipita kule kwenye mfereji unacheka na mke wa jirani kana kwamba huendi popote. Kesho asubuhi pikipiki itakuja kukuchukua mpaka bandari ya Kalundu, na boti itakupeleka Kalemie kwa baba yako mdogo, kupima samaki wa chumvi. Miaka mitatu ya chuo cha kilimo, halafu samaki wa chumvi! Na aliyekupeleka huko si vita, si njaa, si bahati mbaya. Ni mimi. Barua hii nitaiingiza ndani ya daftari lako, maana mdomo wangu umekwisha kunishinda.

Mambo ya kuchunga begi bandarini, ya kula na ya kuvaa, shangazi yako amekuambia mpaka masikio yamechoka. Mimi ninalo jambo moja, lile la dawa. Ni misimu miwili sasa tunalala chini ya bati moja na hatujalitaja hata siku moja. Wewe hukulitaja kwa adabu, mimi sikulitaja kwa woga. Nilikuwa nimejiapiza kwamba kabla hujatoka Bwegera nitakusafishia jina, uondoke watu wakijua kwamba lile shamba hukuliua wewe. Nitakueleza nimefika wapi na kiapo hicho. Kwanza acha niliandike lote, hata lile unalolijua kuliko mimi, ili siku ukijiuliza kama baba yako alielewa alichokufanyia, uone kwa mwandiko wake kwamba alielewa.

Tulikuwa familia kumi na moja katika koperative, tumeunganisha vipande vyetu pale karibu na mfereji mkubwa vikawa shamba moja la mbegu. Mpunga wa kula hauna makuu. Ukiwa na magugu unapeta, unachambua, unapika, maisha yanaendelea. Mpunga wa mbegu ni ugomvi mwingine. Punje moja nyeusi ya yale matembele ya majini ikijificha ndani ya gunia, mnunuzi ataipanda kwa mkono wake mwenyewe, na msimu unaofuata itauparamia mpunga wake, iukumbatie, iuvute chini mpaka kwenye tope. Ndiyo maana wakaguzi wakikuta majani mapana yamezidi shambani wanaandika neno moja tu, na jasho lenu la miezi minne linageuka kuwa chakula cha kawaida.

Mimi nilikuwa mkubwa wao. Walikuwa wananiita Muzee wa Mbegu, na jina lile lilinipanda kichwani kama pombe ya kasiksi kwenye tumbo tupu. Nilikuwa nikipita njiani nasikia wageni wanaulizwa, "Munatafuta mbegu? Muende kwa Muzee wa Mbegu." Nilikuwa nakata kona makusudi ili nipite tena nilisikie.

Unajua desturi yetu: mboga iliyojiotea ndani ya mpunga haina mwenyewe. Mwenye shamba anavuna mpunga, na mama aliyepalilia anabeba lengalenga na matembele akawapikie watoto. Mama Sifa, kichwa cha bamama wote wa kupalilia, mjane mwenye kipande chake katikati kabisa ya shamba letu, alikuwa anasema, "Minye sipalilie, ninachuma." Ukimkataza mama mboga ya shambani kwako, watu wanakuhesabu mchoyo mpaka kaburini. Kwa hiyo magugu yetu yalikuwa na marafiki. Bamama walikuwa wanayaacha yanenepe kidogo, yajaze sufuria, ndipo wayang'oe. Kwa mpunga wa kula, sawa. Kwa mbegu, yale yaliyonenepa yalikuwa yanakaribia kuzaa.

Wewe ulipotoka chuo hukuja na dharau. Ulikaa na bamama wiki mbili, unapalilia pamoja nao, unakula mboga yao. Halafu ukaniletea karatasi moja uliyoandika kwa kalamu ya bluu. Katikati ya shamba wang'oe kwa mkono na kubeba mboga yao, lakini mapema, kabla ya maua. Kingoni tu, kule mikono isikofika, tupige dawa ya kuua majani mapana, mara moja, mpunga ukiwa umetoa watoto wa pembeni na shina bado ni bapa. Tutoe maji kwanza ili majani yasimame wazi, tupige asubuhi bila upepo ili maharage ya jirani yasipatwe, tuzuie watu wasichume, na maji yarudi baada ya siku mbili. Kipimo cha pompi nzima ya kupulizia ulikiandika kwa kizibo cha chupa, mzee kama mimi aelewe. Na chini kabisa: "Mpunga ukishabeba mimba, usipige dawa hata tone. Masuke yatatoka matupu. Hapo ni mkono tu."

Nilikuuliza inakuwaje dawa isiyoua mpunga iue mimba ya mpunga. Ukasema, "Baba, dawa inajua jani pana na jani jembamba. Tumbo haijui." Ulitaka tuwaite wote siku ileile uwaeleze. Nikasema ngoja, mwenye kusema mbele ya bamama ni mimi. Na mimi sikusema. Nilikuwa nangoja siku ambayo ningeyasema kama maneno yangu.

Halafu zikaja zile wiki tatu za risasi, hakuna mtu aliyethubutu kushuka shambani. Utulivu uliporudi tulikwenda wawili, mimi na wewe, tukasimama juu ya tuta. Yoo, Faida! Matembele yalikuwa yamepanda mpunga mpaka shingoni, maua ya zambarau kila mahali, mazuri ya kukera. Ukashika shina moja, ukalipasua kwa ukucha, ukanionyesha suke changa ndani, jeupe, laini kama unywele wa mtoto mchanga.

"Baba, wakati ya dawa ilisha kupita. Mupunga iko na mimba."

"Wakaguzi wanakuja mwezi wenye kuja," nikasema.

"Bakuje. Tutavuta na mikono. Pale tutafika, iwe mbegu. Pale hatutafika, tubaambie iko ya kula. Mupunga ya kula si aibu."

"Weye unataka Muzee wa Mbegu aende kusema shamba yake iko ya kula?"

Ukacheka. Ulidhani natania.

Siku mbili baadaye shangazi yako alizidiwa, ukampeleka hospitali kule Lemera apasuliwe. Pikipiki imekwisha kuwashwa, bado unaniambia, "Baba, muanze na mikono, hata kama muko wachache. Muanze tu." Nikakuitikia ndiyo. Kesho yake, kabla jua halijakuwa kali, nilikuwa shambani na pompi mgongoni. Sikupiga kingoni peke yake. Nilipiga shamba lote, la familia zote kumi na moja, tuta kwa tuta, kwa kipimo chako sawasawa, kizibo kwa kizibo. Nilijiambia kwamba nafuata karatasi ya mwanangu msomi. Mtu akitaka kujidanganya hakosi vifaa.

Bamama walipokuja na vikapu vyao niliwasimamisha.

"Hapa hakuna kuchuma mpaka minye niseme."

"Yoo, Muzee! Tangu lini?" Mama Sifa akauliza.

"Tangu leo."

"Mboga ya mu mupunga njo inakushinda kutoa? Mungu anakuona."

Ningewaambia ni dawa, wangeuliza dawa gani, na mbona Faida hayupo. Nikakubali kuitwa mchoyo. Nilisimama pale tutani siku nne na fimbo kama mfukuza ndege, mtu asile majani yenye dawa. Katika msimu ule wote hilo ndilo jambo moja nililolifanya vizuri, na ndilo peke yake walilonichukia kwalo.

Magugu yalikufa. Siwezi kukuficha furaha yangu. Matembele yalijikunja, yakaachia mpunga, yakaanguka, na siku tano nzima nilitembea kijijini kama bwana harusi. Nilikuwa natunga maneno ya kukuambia ukirudi: unaona, mutoto, vitabu na mikono ya baba ni vitu viwili.

Halafu masuke yakatoka. Yalitoka yamepinda, mengine yameshindwa hata kujinasua kwenye jani, na yaliyotoka yalikuwa meupe na yamesimama wima. Suke lenye kitu linainama. Nilibana punje moja kati ya vidole: pepe, ganda tupu. Nikabana nyingine: pepe. Nilitembea mpaka kwenye kipande cha Mama Sifa nikibana punje, na nilipofika huko nikakaa chini kwenye maji na nguo zangu zote.

Nataka uelewe, ukweli nilikuwa nao mdomoni siku ile ya mkutano. Nilitoka nyumbani nao. Tulikutana kwenye hangari ya kuanikia, watu wamekaa juu ya magunia matupu, magugu yaliyokauka yamekwisha kuwaonyesha kwamba shamba lilipigwa dawa. Mama Sifa akasimama na suke moja mkononi.

"Nani alipima hii dawa?"

Ningesema mimi, yangekwisha. Wangenitukana, wangenifukuza ukubwa, labda wangenipiga, na wewe leo ungekuwa agronomu wa Bwegera. Badala yake nikatia mkono mfukoni nikatoa karatasi yako. Nikaisoma kwa sauti: kutoa maji, kizibo, upepo, siku mbili. Nilisoma vizuri, kama katekista. Mstari wa mwisho niliufunika kwa kidole gumba.

"Ni mutoto njo aliandika," nikasema. "Minye nilifuata."

Wakageuka wote kutazama mlangoni, nami nikageuka. Ulikuwa umesimama pale na begi begani, umeshuka sasa hivi kutoka Lemera, udongo mwekundu mpaka magotini. Umesikia yote. Hukunitazama usoni, Faida. Ulitazama kidole.

"Faida," Mama Sifa akauliza, "hii mwandiko iko yako?"

"Iko yangu, Mama."

"Basi weye njo ulituua."

Nikangoja useme. Naapa nilikuwa nangoja, nusu ya moyo wangu ilikuwa inakuomba useme. Ukainamisha kichwa, ukasema, "Munisamehe." Mtoto hamkanushi baba yake mbele za watu, mimi na mama yako ndio tuliokufundisha, nami siku ile nikaichuma adabu hiyo na kuila.

Mama yako, marehemu, alinijua mapema. Mwaka mmoja, bado uko mgongoni, nilisahau kufunga mlango wa maji, mpunga wa jirani ukazama. Jirani alipokuja na hasira zake nikamwambia ni mke wangu. Mama yako akaomba radhi. Walipoondoka akaniambia, "Baba Faida, minye niko mukubwa, ninaweza kubeba. Lakini usizoee." Nilizoea. Si kitu kikubwa kinachomharibu mtu, ni siku ile ya kwanza anapoona kwamba imepita na hakuna kilichotokea. Ningekuwa na shauri la kukupa lingekuwa hilo, lakini wewe hulihitaji, aliyelihitaji alikuwa mimi na aliambiwa.

Yaliyofuata uliyaishi mwenyewe. Wakakuita Mapepe. Wale waliokuahidi kazi ya kusimamia mbegu kwenye mashamba yao ya bondeni wakasema watakuita, na simu yako nimeiona ikilala mezani miezi na miezi. Ulikuwa unasalimia watu njiani wanakuitikia kwa kidevu. Mama Sifa aliachia kipande chake kwa sababu hakuwa na mbegu ya kupanda, sasa anapalilia mashamba ya wengine. Familia zote zilikula mihogo ya kukopa mwaka mzima. Mimi nilihurumiwa! Walikuwa wananiambia pole, Muzee, mutoto wa siku hizi, vitabu vinabaharibu. Nami naitikia, ndiyo, ndiyo.

Jioni moja ulinikuta nyuma ya nyumba nalia. Ukaleta maji ya kunawa, ukayaweka chini, ukaondoka. Nilikuchukia kidogo kwa hilo. Tazama mahali mtu anapofika, anamchukia mtoto wake kwa sababu ni mwema.

Kwa hiyo neno langu moja, kama utalipokea kutoka kwa mtu kama mimi: usimnyamazie mtu hivyo tena. Si bwana wa kazi, si mume, si baba yako mdogo. Siku ile ungenishika mkono ukaondoa kile kidole, ningeaibika mbele ya watu thelathini na ningepona. Ulinionea huruma, na huruma yako imeniozesha. Sikulaumu. Najua hapo tena natafuta wa kumbebesha, kalamu yenyewe imeniona.

Sasa kile kiapo. Wa kuwaambia wamebaki wachache mno. Katika zile familia kumi na moja, wengi wamevuka kwenda Burundi, wengine wametawanyika mjini Uvira, mmoja tumemzika. Koperative ni hangari tupu na mbuzi. Wote hao wameondoka na jina lako vichwani mwao kama nilivyowapa mimi, wanalisimulia huko walipo, na hakuna njia ya kuwakimbilia mmoja mmoja. Nimejua jambo hili kwa kuchelewa: uongo ukishapanda magari ya watu wanaokimbia haurudi tena. Mbegu nyeusi ndani ya gunia la mtu.

Lakini Mama Sifa yupo. Nikasema, huyo mmoja anatosha. Yeye ndiye aliyeuliza, yeye ndiye aliyepoteza zaidi, na yeye akijua, bamama waliobaki watajua kabla ya jua kuzama. Jumapili baada ya sala nikakwenda kwake. Njiani nilikuwa natembea na maneno yangu, nimeyapanga matatu tu: ni mimi, alinikataza, nilificha. Karatasi yako nilikuwa nayo mfukoni, nimeikunjua, kidole hakipo tena juu yake. Sijawahi kuogopa risasi kama nilivyouogopa ule mlango, lakini nilibisha.

Akanipa kigoda. Kabla sijafungua mdomo akasema:

"Muzee, mutoto wako alifika hapa Alhamisi."

"Faida? Kufanya nini?"

"Alipiga magoti, hapa mu vumbi. Nilimuambia simama, akakataa. Akasema, Mama Sifa, ile kosa ya shamba ilikuwa yangu peke yangu, baba hakujua kitu. Minye ninaenda, yeye anabaki peke yake mu nyumba, hana muntu wa kumupikia. Munichukie minye. Yeye musimuache na njaa."

Nikatia mkono mfukoni.

"Nililia, Muzee. Misimu miwili sikumuitikia salamu ule mutoto. Nikamuambia, basi, mama, imeisha, nimekusamehe. Weye usiogope. Kila siku pale ninapika, sahani yako itakuwa mo."

Yale maneno matatu yalikuwa kwenye ulimi, Faida. Nilikuwa nayasikia uzito wake. Mkono ulikuwa mfukoni, umeishika karatasi. Nikawaza kwamba nikisema, ile sahani haitakuwepo, na hata wewe utakuwa umepiga magoti bure.

Nikasema, "Aksanti, Mama."

Akaingia jikoni, akatoka na ugali wa mihogo na samaki wa ndagala wa moto. Nikanawa mikono, nikala. Alipouliza kama aniongeze, nikasema ndiyo.

Baba yako.